Mgongo wa Pahlavon Mirzoali

King'ora kilikuwa kimetoweka.

Mahali pake, juu ya mlango wa chumba cha dharura cha hospitali ya Chashmasor, zilibaki bolti nne zimechomoza ukutani na nyaya mbili zikining'inia. Inspekta Guldasta Rajabova alisimama chini yake, mikono kiunoni, akatazama juu mpaka skafu ikamteleza kichwani.

"Kina uzito gani kitu chenyewe?"

"Kama kondoo aliyenona," alijibu Sajenti Khushbakht. "Kilikuwa cha kile kiwanda cha pamba kilichofungwa. Siku ya kukipandisha hapa ilibidi wawe wanaume wawili, na bado walitukanana."

"Halafu mtu akakibeba mchana kweupe?"

"Asubuhi kweupe, Inspekta. Wanaume wote walikuwa kwenye pilau."

Hilo kila mtu alilijua. Daktari Hotam, mganga mkuu, alikuwa anamwoza mwanawe, na asubuhi hiyo alikuwa amewakaribisha wanaume wa mji mzima kwa pilau ya harusi. Hata wagonjwa waliojiweza walikwenda, mmoja wao na dripu yake mkononi. Hospitali ilibaki na wanawake, watoto wachanga na paka.

"Ngazi iko wapi?"

"Kwa daktari. Imeazimwa kutundikia taa za harusi."

"Kwa hiyo mwizi wetu ana mabawa."

"Au ni mrefu," alisema Khushbakht, ambaye mwenyewe alikuwa mfupi na hakupenda mada hiyo.

Guldasta alikagua eneo la tukio taratibu. Mwizi wa vyuma chakavu angeondoka na nyaya kwanza, maana shaba ina soko. Huyu alikuwa ameziacha, tena alikuwa amezifunga ncha kwa utepe ili asije mtu akapigwa na umeme. Nati nne zilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, zimepangwa mstari mmoja.

"Khushbakht, wewe ukiiba, unapanga nati?"

"Mimi siibi."

"Jibu swali."

"Nikiiba, nakimbia."

"Ndiyo. Huyu hakukimbia. Huyu alikuwa nyumbani kwake."

Ndani, nesi Savri Qosimova alikuwa anamfunga bandeji mtoto aliyejikata kidole. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Meza yake alikuwa ameisukuma kwenye kona, ili kiti chake kiegemee ukuta na mtu yeyote asiweze kumjia kwa nyuma.

"Ulikuwa wapi kilipochukuliwa?" Guldasta aliuliza.

"Wodini, nakabidhiwa zamu. Niliporudi nikakuta ukuta mtupu."

"Unamshuku mtu?"

"Mji mzima unamshuku Nazrullo mfua bati. Si ndiye aliyenipiga?"

Alisimulia huku akimpa mtoto pipi na kumsukuma nje. Mwezi uliopita Nazrullo alimleta baba yake, mzee Holmat, akihema kwa shida. Savri alimwambia asubiri nje. Nazrullo alisubiri, akasubiri, hakuna aliyetoka kumwambia lolote. Mwisho aliusukuma mlango akaingia, akamtandika Savri kofi lililofanya sikio lake livume siku nzima. Mzee mwenyewe alikuwa amekwishapona, amekaa kitandani anaomba chai.

"Kesi yenyewe sikuiona kituoni," alisema Guldasta.

"Utaionaje? Wazee waliimaliza. Nazrullo alipika pilau ya suluhu, wanaume wakaja, wakala, wakapeana mikono. Mimi sikualikwa. Kofi nimepigwa mimi, Inspekta, pilau wamekula wao."

Khushbakht alianza kuvichunguza viatu vyake.

"Sajenti," aliita Guldasta. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilipita tu."

"Ulikula?"

"Kidogo."

Savri alicheka, kisha akaacha. "Nilichopata mimi ni kile king'ora. Kitufe kiko hapa chini ya meza. Nikikibonyeza, Pahlavon, mlinzi wetu wa langoni, anakuja. Hayo ndiyo makubaliano yangu na Daktari Hotam. Bila king'ora, mimi leo zamu ikiisha nafunga mizigo, naenda Khujand kwa dada yangu tukauze vitambaa. Kitambaa hakimpigi mtu kofi."

Guldasta alimtazama akaona hatanii. Manesi wawili walikwishaondoka kabla yake kwa sababu hiyo hiyo, na hapakuwa na wa tatu. Mama yake Guldasta alirudishiwa pumzi kwenye kitanda cha chumba hicho, kwa mikono ya Savri. Inspekta aliogopa, na alipoogopa alikuwa na tabia ya kutembea haraka.

Walimkuta Nazrullo sokoni, anagonga bomba la jiko la kuni, uso umemwiva kwa moto na kwa mafuta ya pilau.

"Mmekuja kunikamata?"

"Itategemea majibu. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu kabla ya mwanzo! Tulikaa pale tunaitazama pilau inapoa. Mkate hakuna wa kuumega."

"Wanaume wote wale, mkate unawashinda?"

"Dada Inspekta, wewe hukai kwenye pilau za wanaume, hujui. Mkate wa shughuli mji huu anaumega Pahlavon Mirzoali. Akiwa hajaumega, hata mwenye njaa ya siku tatu hanyooshi mkono. Tulimsubiri mpaka mafuta yakaganda. Mwisho kaumega mfamasia, na vidole vyake vinanuka dawa. Hata utamu sikuusikia."

"Ulikula sahani ngapi bila utamu?"

"Mbili."

"Pahlavon hakuja kabisa?"

"Alikuja watu wakinawa. Anatoka jasho kama katoka shambani. Eti punda kamzibia njia."

Guldasta aliliandika hilo. Kisha akauliza, "Na king'ora?"

"Nikifanyie nini? Soko zima linasema nimekiiba ili nikampige tena yule nesi. Mimi tangu siku ile sina raha. Nilidhani baba anakufa, hakuna anayenitazama usoni, nikapotewa na akili."

"Ulimwomba radhi?"

"Nilipika pilau."

"Nimekuuliza kama ulimwomba radhi."

Nazrullo aligeuza nyundo mkononi. "Wazee walisema inatosha," alijibu, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Mtuhumiwa wa pili alijitaja mwenyewe. Bibi Sanavbar, ambaye nyumba yake ilipakana na ukuta wa hospitali, aliwaita kutoka juu ya paa lake bapa alikokuwa anaanika matunda.

"Mnamtafuta mwizi wa lile lipembe? Laiti ningekuwa mimi! Mjukuu wangu hajamaliza arobaini yake, mtoto hatakiwi hata kusikia sufuria ikianguka. Jumatatu lile dude lililia, mtoto akaruka, maziwa yakamtoka puani. Mwizi mkimpata mleteni, nimvishe kanzu mpya."

"Bibi, kilikuwa kinamlinda nesi."

"Najua. Nesi ni mtoto mzuri. Si wamlinde kimya kimya?"

"Asubuhi ulikuwa hapa juu?"

"Tangu jua kuchomoza."

"Ulimwona nani akiingia hospitali?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, nakuapia. Pahlavon tu, anatoa godoro lake kulianika. Mzigo mkubwa, maskini, ameukumbatia kama mtoto. Mtu mwingine hakuna."

Walipoondoka, Khushbakht alisema, "Basi ni majini."

"Khushbakht."

"Ndiyo, Inspekta."

"Nawe umesikia."

"Nimesikia. Nilitaka kwanza iwe majini."

Hata Guldasta alitaka iwe majini. Mirzoali hakuwa mtu wa kushukiwa. Katika sebule ya baba yake Guldasta picha yake ilikaa ukutani miaka mingi kuliko picha ya babu. Aliitwa Pahlavon, yaani bingwa, kwa sababu alipigana mieleka kila Navruz, sikukuu ya mwaka mpya, kwenye kila uwanja wa bonde lote, na mgongo wake haukugusa ardhi hata mara moja. Mji wetu hauna kiwanda tena, mto wenyewe ni mwembamba, lakini tuna mgongo ule, na watu wazima wanauapia. Daktari Hotam alipotafuta mlinzi hakuhoji mwingine. Alijua jina peke yake linatosha kumfanya mgomvi ashushe mkono.

Pahlavon aliwapokea kwenye kibanda chake langoni. Alijaza mlango mzima alipoinuka, na aliinuka kwa kushika ukuta. Alimmiminia Guldasta chai kidogo kwenye bakuli, maana mgeni wa heshima hajaziwi, akamketisha mahali pazuri.

"Baba," alianza Guldasta, na aliikasirikia nafsi yake kwa kuanza hivyo. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye pilau, mwanangu. Wanaume wote tulikuwa kule."

"Mkate aliumega nani?"

Bakuli la Pahlavon lilisimama katikati ya safari.

"Mkate?"

"Mkate."

"Si... ulimegwa."

"Na wewe?"

"Mji huu una watu wengi wa kumega mkate."

"Hauna, baba. Una wewe. Na leo aliumega mfamasia."

Pahlavon alitazama nje ya mlango. Masikio yake makubwa, yaliyokunjamana kwa miaka ya mieleka, yalianza kuwa mekundu.

"Godoro lako limekauka?" aliuliza Guldasta kwa upole.

"Lipi?"

"Lile ulilolikumbatia asubuhi. Silioni kambani."

Pahlavon alinyoosha mkono kulichukua birika. Kabla hajalifikia, kutoka upande wa chumba cha dharura ukasikika ukelele wa mwanamume, kisha sauti ya Savri, kali na yenye hofu: "Simama hapo hapo! Usinisogelee!"

Nazrullo alikuwa amerudi hospitali. Safari hii alimleta baba yake kwa mkokoteni wa mabati, kwa sababu mzee Holmat naye alitoka kwenye pilau ya daktari na tumbo lilikuwa limemkaa juu kama ngoma. Mzee alilala kwenye machela anagumia. Mkewe na majirani nusu mtaa walikuwa uani. Savri alikuwa amesema maneno yale yale ya kazi yake, kwamba ndugu wasubiri nje, na Nazrullo aliyasikia kama siku ile.

"Nje siendi! Nje mlinitupa kama mbwa! Niambie kama anakufa!"

"Nipishe nimpime, nitakuambia!"

"Niambie sasa!"

Mkono wake ulikuwa juu. Savri alikuwa kwenye kona yake, goti likigonga na kugonga kitufe chini ya meza, na ukutani hakukulia kitu.

Guldasta alitoka kibandani mbio. Lakini Pahlavon alikwishatoka. Hakuna aliyejua mzee yule aliye na nyonga mbovu alipataje miguu. Alivuka uani akichechemea, watu wakimpisha, akafika mlangoni na kujiweka katikati, kati ya mfua bati na meza.

"Mwanangu," alisema, "shusha mkono."

Nazrullo hakumtazama ni nani. Alisukuma tu kilichokuwa mbele yake, kwa mikono miwili.

Pahlavon Mirzoali alianguka.

Alianguka chali, mzima mzima, kwenye vumbi la plasta lililodondoka pale king'ora kilipong'olewa. Dirisha lilitetemeka. Paka alikimbia. 

Nazrullo aliitazama mikono yake. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, nimefanya nini."

Mzee Holmat aliinua kichwa kutoka kwenye machela. "Umemwangusha Pahlavon?"

"Baba, lala."

"Umemwangusha wewe? Wewe mwanangu? Mgongo umegusa?"

"Umegusa," alisema Khushbakht kutoka mlangoni.

"Sikuona! Nilikuwa nimefumba macho! Nisimamisheni!"

"Nitakusimamisha kwa sindano," alifoka Savri. "Lala!"

Guldasta alimshika Nazrullo mkono, lakini hapakuwa na haja ya nguvu. Mwanamume alikuwa ameketi sakafuni mwenyewe, analia kama aliyeivunja nyumba ya baba yake. Savri alikuwa amekwishapiga magoti kando ya Pahlavon, anampapasa shingo na mbavu.

"Inauma wapi?"

"Hakuna mahali," alisema Pahlavon. Alikuwa anatazama dari, na uso wake ulikuwa na mshangao. "Ajabu. Hakuna mahali."

Kisha akasema, bila kuulizwa, kwa sauti ya kusikika na wote, "King'ora nilikichukua mimi."

"Tunajua, baba," alisema Guldasta.

"Kiko kwenye tanuri bovu la mkate, nyuma ya jiko. Nimekifunika godoro kisiingie vumbi."

"Kwa nini?"

"Jumatatu kilipolia, nesi aligonga kitufe kwa bahati mbaya. Mimi sikujua ni bahati mbaya. Nilisimama nyuma ya mlango wa kibanda, nikashika komeo, na sikutoka. Nyonga zimekwisha. Mgongo umekwisha. Nikawaza, nikienda, kijana mmoja atanisukuma, nitalala chini mbele ya watu, na yote niliyokuwa yatakuwa yamekwisha siku hiyo. Nilikuja kimeshanyamaza, nikasema nilikuwa msalani." Alimgeukia Savri. "Pasipo king'ora, hakuna wa kuniita. Niliwaza tu hapo. Sikuwaza zaidi."

Savri alikuwa ameacha kumpapasa.

"Kwa hiyo ili wewe usianguke," alisema polepole, "mimi nipigwe."

Pahlavon alifumba macho. "Ndiyo," alisema. "Ukilisema, ndivyo lilivyo. Nisamehe, binti yangu. Nimeikimbia aibu yangu, nikakuachia wewe."

Savri alimkasirikia. Ilionekana wazi, na ilikuwa haki yake. Alikaa juu ya visigino vyake akimtazama mzee yule mkubwa aliyelala mbele yake kama kabati lililoangushwa, na hasira ikapambana na kitu kingine usoni mwake mpaka mdomo ukaanza kumcheza.

"Mimi nilikuambia umwangushe mtu?"

"Hapana."

"Nilikuambia upigane?"

"Hapana."

"Nilihitaji uje tu. Nikipiga kelele, niione sura ya mtu mlangoni. Basi. Ulidhani nataka mieleka hapa, kwenye sindano zangu?"

"Nimekuja," alisema Pahlavon.

"Umekuja."

"Nimeanguka pia."

"Nimeona. Jengo zima limesikia."

Hapo Pahlavon alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa na sakafu yake, mpaka Savri naye akashindwa, na Khushbakht akageukia ukuta. Hata mzee Holmat alicheka, akajuta, akashika tumbo.

Kumwinua ilichukua watu wanne. Nazrullo alikuwa mmoja wao. Alipomaliza alisimama mbele ya Savri, mikono imening'inia.

"Nesi, nataka kusema..."

"Utasema kituoni, mbele ya Inspekta," alimkata Savri. "Kofi la mwezi uliopita na mkono wa leo. Yote mawili, kwa jina langu. Na pilau sitaki."

"Pilau hakuna," alisema Guldasta. "Sajenti ni shahidi."

"Hakuna," alikubali Khushbakht kwa unyonge.

"Na wewe, baba, utakirudisha king'ora mahali pake, kisha utakuja kwangu tuandike maelezo. Mali ya hospitali haitolewi kwa godoro."

"Nitakuja."

Savri alimpima mzee Holmat presha, akambonyeza tumbo, akamnusa pumzi. "Hafi," alisema. "Amevimbiwa mafuta ya mkia wa kondoo. Nitampa dawa, atalala, ataamka anataka kula." Alimgeukia Pahlavon. "Sasa sikiliza. Kuanzia leo hukai langoni. Unakaa na ndugu wa wagonjwa, hapo uani, na kila nikikuambia jambo unawaambia. Huyu alinipiga kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu. Haimfanyi awe na haki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkewe Holmat yuko nje. Nenda, kabla hajaanza kulia."

"Na kesho ukiniita humu ndani?"

"Utakuja?"

"Nitakuja."

"Ukiangushwa tena?"

Pahlavon alifikiri. "Ya pili haina hesabu," alisema.

Guldasta alinyoosha mkono kumpangusa. Mgongo wake wote, kutoka mabegani hadi mkandani, ulikuwa mweupe kwa vumbi la plasta. Pahlavon aliusogeza mkono wa Inspekta pembeni taratibu, akatoka na vumbi lake vile vile.

Uani watu walikuwa wamejaa. Walimwona kwa mbele wakatulia, kisha alipogeuka kutafuta kati yao wakamwona kwa nyuma. Bibi Sanavbar, juu ya paa lake, ndiye aliyepata sauti.

"Pahlavon! Mgongo wako!"

"Najua," alisema Mirzoali. "Mke wa mzee Holmat ni yupi hapa? Nina habari njema za mumewe."